Pikipiki Katikati Yetu

Siku niliyotoka Kitale kwenda Malakisi kumnyang'anya mkwe wangu mke wake, nilisahau pampu. Nilibeba kamba ndefu, magunia mawili ya kutilia nguo za binti yangu, na kofia ya pili ya kumvalisha njiani. Pampu ikabaki ukutani. Katika miaka ishirini na sita ya kuendesha pikipiki sikuwahi kuisahau.

Jirani yangu Sabiha, anayeuza vitambaa karibu na msikiti, alisimama mlangoni kwangu akinitazama nikikaza kamba.

"Dada Phelista, hasira hasara," akasema. "Si uwatume wazee wa kwenu kwanza?"

"Wazee wakienda watakunywa chai wiki mbili, warudi waniambie wamekula vizuri."

"Basi zungumza na huyo kijana."

"Nizungumze na mgongo?"

Sabiha akatikisa kichwa. Alijua ninachosema. Kwetu Wabukusu mama mkwe na mume wa binti yake hawapeani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anapisha na kugeuka. Si ugomvi, ni heshima, na mimi sijawahi kuwa na neno baya juu ya desturi hiyo. Lakini matokeo yake ni kwamba kwa miaka sita nilimfahamu mkwe wangu Wabwile kwa mgongo tu. Ningeweza kuuchagua mgongo ule sokoni kati ya mia. Uso wake sikuujua.

Mnamo Agosti mwaka huo, 2005, binti yangu Nasimiyu alijifungua mtoto wa kike aliyekuwa amekwisha kufa. Nilipofika Malakisi walikuwa wameshamzika. Mtoto kama huyo hazikwi na umati. Ni wanawake wawili watatu na jembe nyuma ya nyumba, basi. Nilikaa siku mbili. Nasimiyu alilala akiutazama ukuta. Mumewe nilimwona mara moja kwa mbali, akivuka uzio kuelekea shamba la tumbaku na panga mkononi, siku ya pili tu baada ya kumzika mtoto wake. Nikasema moyoni, huyu ana jiwe kifuani.

Kisha, wiki sita baadaye, Nasimiyu akanipigia kutoka simu ya jamii ya sokoni.

"Mama, Wabwile haongei," akasema. "Tangu ile siku hajasema kitu juu ya mtoto. Ata kidogo. Mimi nimechoka, mama."

Simu ikakatika. Hakuniambia nije. Hakuniambia nimchukue. Hayo niliyaongeza mwenyewe, na nikayaongeza haraka, kama kawaida yangu.

Nilijua pia kitu ninachokwenda kufanya kitaitwaje. Kwetu, mke anayeletwa na mumewe amekuja kutembea. Mke anayefuatwa na mamake na magunia, huyo ameachika, na hata akirudi kesho yake watu wameshasema. Nilijua. Nikasema na waseme.

Lazima nieleze habari ya pikipiki, maana kuna watu huniuliza mama wa miaka hamsini na minane anatafuta nini barabarani. Serikali iliniajiri mwaka wa sabini na tisa kuwatia ng'ombe mimba kwa mrija, ikanipa pikipiki ya kuzungukia mashamba. Wakulima wa Kiminini walikuwa wanakuja kutazama ng'ombe wao, lakini ukweli ni kwamba walikuja kunitazama mimi. Nilipostaafu, pikipiki ikauzwa mnadani pamoja na vyuma vingine vya zamani, nikainunua. Ni ya kwangu. Hajawahi kuiendesha mtu mwingine, hata marehemu mume wangu, ambaye aliiomba mara mbili akanyamaza.

Wiki moja baada ya kumzika yeye, mwaka wa tisini na nne, niliiwasha nikaenda mpaka Ortum na kurudi. Sikuwa na shughuli yoyote Ortum. Watu walikuwa wamejaa nyumbani, kila anayeingia ananiambia nyamaza, jikaze, Mungu anajua. Nikagundua kwamba ndani ya kofia mtu anaweza kulia kutoka Kapenguria mpaka Ortum na asitokee hata mmoja wa kumwambia jikaze. Tangu hapo, kila mwaka mara moja au mbili, huwa naenda mahali peke yangu. Nimefika Lodwar na vumbi lake. Nimelala Kapsowar kwenye baridi ambayo sitaisahau. Mtu akiniuliza nilikwenda kufanya nini, namwambia kutembea, na hilo ndilo jibu lote nililo nalo.

Lakini safari ya Alhamisi ile haikuwa ya kutembea. Nilipita Kiminini bila kusimama kwa mama wa ndizi ninayesimama kwake siku zote. Akanipungia mkono, sikumpungia. Nilipofika Kamukuywa, badala ya kungoja malori yapishane, nikakata kwa njia ya ndani inayopita mashambani kuelekea Kimilili. Mlima Elgon ulikuwa upande wa kulia na mawingu yake. Siku nyingine ningeutazama. Kichwani nilikuwa napanga maneno ya kumwambia Nasimiyu, na maneno mengine makali zaidi ya kusema kwa sauti uani, ili yule aliyejificha nyuma ya nyumba ayasikie.

Gurudumu la nyuma likaisha pumzi kati ya shamba na shamba.

Nikashuka. Msumari, tena mrefu. Nikatoa spana na viraka chini ya kiti, nikalifungua gurudumu, nikatoa mpira, nikaubandika kiraka, nikarudisha kila kitu mahali pake. Kazi hiyo naifanya huku nikiwaza mengine. Ndipo nikanyoosha mkono kuchukua pampu.

Nilijitukana kwa Kibukusu na kwa Kiswahili. Njia ilikuwa tupu. Upande mmoja miwa, upande mwingine mahindi makavu yasiyovunwa bado. Nikakaa kwenye nyasi kungoja mtu.

Akatokea mtu wa baiskeli kwa mbele, akitoka upande wa Kimilili, akija kasi. Nikasimama nikapunga mkono. Alipofika kama hatua hamsini akaiona pikipiki, akanitazama mara moja, akakaba breki mpaka baiskeli ikalala. Akairuka, akaingia katikati ya mahindi na kunipa mgongo.

Mwanamume anayemkimbia mwanamke wa umri wangu mchana kweupe ni mwizi au ni mkwe. Mgongo ukanithibitishia. Ulikuwa wa Wabwile.

Nami nikageuka, nikatazama miwa. Tukakaa hivyo, yeye na mahindi yake, mimi na miwa yangu, na baiskeli imelala barabarani na pampu yake imefungwa kwenye chuma cha juu, nikiiona kwa pembe ya jicho. Hasira yote niliyotoka nayo Kitale ilikuwa ikinichemka, na aliyenikasirisha yuko hapo, na sina ruhusa ya kumwambia neno. Mambo kama hayo huzungumzwa kwa kinywa cha mtu wa tatu, na mtu wa tatu hakuwepo.

Nikasikia kikohozi.

"Pikipiki," sauti ikasema kutoka kwenye mahindi. "Habari ya Kitale?"

Nilikaribia kucheka, na hilo likanikasirisha zaidi.

"Pikipiki," nikasema na mimi, "mwambie Kitale ni kuzuri. Mwambie mwenye wewe amesahau pampu."

"Iko hapa kwa baiskeli. Nitaweka kwa barabara harafu nirudi."

Nikafumba macho. Nikasikia hatua zake zikija, chuma kikigusa mawe, hatua zikirudi. Nilipofumbua, pampu ilikuwa kando ya gurudumu.

Pampu ya baiskeli kwenye gurudumu la pikipiki ni kazi ya punda. Nikapiga magoti nikaanza. Fwi, fwi, fwi. Na ile hasira ikatafuta mlango.

"Pikipiki," nikasema, huku mikono ikienda, "muulize huyo mtu alikuwa wapi, mke wake akilia. Muulize ni mtu gani anaenda kazi ya shamba na mtoto yake amezikwa jana."

Nikaendelea kupampu. Kisha, chini ya kelele za pampu, sauti yake ikaanza, taratibu, kama mtu anayejisemesha.

"Ambia mama sikuenda kazi. Nilienda kukata tumbaku. Yote. Ata yenye haijaiva. Ata yenye ilikuwa bado ndogo, nilikata tu. Mpaka jioni. Sikujua nifanye nini ingine na mikono."

Nikasimamisha pampu. Naye akanyamaza.

Tumbaku huvunwa majani ya chini kwanza, yale yaliyoiva, wiki baada ya wiki. Anayelifyeka shamba zima siku moja ameutupa mwaka wake mzima. Nikalitazama gurudumu. Nikangoja aseme zaidi. Hakusema. Nikaanza tena, fwi, fwi, na sauti ikarudi, na hapo nikaelewa: aliweza kusema wakati pampu inalia tu. Ikinyamaza, ananyamaza.

Basi nikapampu.

"Nasimiyu hakuli," akasema. "Napika uji, naweka, inapoa. Nikiingia anaangalia ukuta. Mimi sijui kuongea na mtu ameangalia ukuta. Baba yangu hakuwai nifundisha hiyo. Nikifungua mdomo naona nitaongeza mzigo juu ya mzigo, basi nanyamaza. Najua anaona ni kama sijali."

Gurudumu lilikuwa limekwisha kujaa, gumu kama jiwe. Pampu moja zaidi na kiraka changu kingeruka. Nikakandamiza pini ya kuingizia hewa kwa ukucha, hewa ikatoka mpaka mpira ukalegea, nikaanza upya. Sidhani alijua nilichofanya. Mabega yalikuwa yananiuma, na jasho linaniingia machoni, na sikutaka kuacha.

"Leo nimetoka saa kumi ya asubuhi," akasema. "Nimeacha Nasimiyu na jirani. Nilikuwa nakuja Kitale, kwa Mama Sabiha wa vitambaa, nimuombe aambie mama amuchukue. Akae huko mpaka apone. Mimi nimeshindwa. Najua watu watasema nimefukuza bibi. Wacha waseme. Bora akule."

Nikaiacha pampu.

Wiki sita nilikuwa nimemchukia mtu huyu kwa sababu ananipa mgongo, na mgongo huo ni mimi na mama zangu tuliomfundisha kuutoa. Nimekuja na kamba na magunia kumpora kitu, na yeye amepiga baiskeli tangu alfajiri kuniletea kitu hichohicho kwa mikono miwili. Niliona haya. Niliona haya mbele ya pikipiki, mbele ya miwa, na kama si ile desturi ningemwomba msamaha palepale.

"Pikipiki," nikasema, "mwambie nasikia." Nikapampu tena.

"Kuna kitu moja ingine," akasema, na sauti ikawa ndogo hivi kwamba ilinibidi niinamishe kichwa. "Huyo mtoto nilimpea jina. Wamama walisema mtoto mwenye hakulia hapewi jina. Mimi nilimpea. Nekesa, sababu alikuja wakati ya mavuno. Sijaambia mtu. Ata Nasimiyu sijaambia. Naogopa nikitaja atalia, harafu nikose ya kufanya."

Nilikuwa bibi wa mtoto huyo. Wiki sita nilimwita "lile jambo lililompata Nasimiyu". Sikuwa nimemlilia hata mara moja, nilikuwa na shughuli ya kutafuta mwenye makosa. Sasa nikaegemeza paji la uso kwenye kiti cha pikipiki nikalia, na sikuficha, na huko kwenye mahindi nikasikia mwanamume anapenga kamasi.

Tulipotulia nikafanya hesabu yangu. Nikiendelea Malakisi, nitamleta Nasimiyu mimi, na atakuwa ameachika, hata kama hakuna anayetaka aachike. Lakini mwenye kumleta akiwa ni huyu, basi amekuja kutembea kwa mamake, ale, alale, arudi atakapotaka mwenyewe. Tofauti ni nani ameshika usukani. Na baiskeli haiwezi kumbeba mgonjwa kutoka Malakisi mpaka Kitale.

"Pikipiki," nikasema, na niliona ugumu wa kulisema, nisidanganye, "muulize kama anajua kuendesha."

"Najua. Mwalimu wa kampuni ya tumbaku alinifundisha na yake."

"Basi utaenda naye. Gia yako ya tatu ni kaidi, asiilazimishe. Amlete Nasimiyu Jumamosi, pole pole, mashimo yote azunguke. Kofia ziko mbili. Mwambie mimi nitachukua baiskeli."

Nikasikia mabua ya mahindi yakivunjika miguuni pake.

"Pikipiki, ambia mama..." Akashindwa kumaliza. Akaanza tena. "Ambia mama breki ya mbele ya baiskeli haishiki vizuri."

Nikainua baiskeli, nikasukuma kuelekea Kamukuywa bila kugeuka. Nyuma yangu pikipiki yangu ikawaka kwa mkono wa mtu mwingine, mara ya kwanza katika maisha yake na yangu. Aliikanyaga mara mbili kabla haijakubali. Nikasikia akiingiza gia ya tatu, taratibu, kama nilivyomwagiza.

Pale Kamukuywa vijana wa baiskeli walinisherehekea.

"Niaje mathe! Si ulipita na nduthi asubuhi? Imekunywa petroli ikalewa?"

"Imeoa," nikawaambia.

Lori la mahindi likanichukua na baiskeli mpaka Kitale. Sabiha aliponiona nikishuka alileta maji ya kunawa akakaa.

Ijumaa ilikuwa ndefu. Nilitandika kitanda, nikakitandua, nikakitandika tena. Usiku wa Ijumaa wazo baya likaniingia: kama Nasimiyu atakataa kuja? Kama amemwona mumewe amerudi na pikipiki ya mamake, akadhani tumempangia, akageukia ukuta kabisa? Nilikuwa na uwezo wa kumfikia mwenyewe, nikamwachia mtu ambaye hajui kufungua mdomo. Nikajiambia, Phelista, umefanya ujinga wako wa pili katika wiki moja. Jumamosi saa sita haikufika pikipiki. Saa nane haikufika. Sabiha akasema watakuja inshallah, na nikamjibu vibaya, kisha nikamtaka radhi.

Saa kumi kasoro nikaisikia. Pikipiki yangu naifahamu kutoka mbali. Ikaja pole pole, ikasimama nje ya lango. Nikaingia jikoni haraka, nikakaa mahali ambapo asiyetakiwa kuniona hataniona.

Nasimiyu akaingia peke yake. Alikuwa amekonda mpaka kofia ilikuwa inamzidi kichwa. Vumbi lilikuwa usoni, na katikati ya vumbi njia mbili za machozi. Akaivua kofia, akaketi kwenye kigoda, akanitazama. Alinitazama mimi, wala si ukuta.

"Mama, ameongea," akasema.

Nikaipokea kofia.

"Kwa pikipiki. Yeye ako mbele, mimi niko nyuma, haoni mimi. Tulikuwa tumepita Chwele, nikasikia anaongea. Nikadhani anaimba. Kumbe anaongea na mimi. Akaongea mpaka Kimilili, akaongea mpaka Kamukuywa. Tukasimama hapo kwa mahindi tukalia, tukaendelea. Akaongea mpaka Kiminini, mama, sikujua ako na maneno mingi hivyo." Akafuta uso kwa kiganja. "Ulijua mtoto ako na jina?"

Nilikuwa nalijua. Lilikuwa limenikalia kifuani tangu Alhamisi, nikilitamka peke yangu wakati wa kuosha vyombo. Lakini nilimtazama mwanangu, nikaona jinsi alivyolibeba njia yote hiyo ili aniletee.

"Hapana," nikasema. "Anaitwa nani?"

"Nekesa."

"Nekesa," nikasema. "Jina zuri."

Akalala magotini kwangu akalia, na sikumwambia anyamaze. Alipomaliza akasema ana njaa.

Kupitia dirishani nilimwona Wabwile amesimama langoni, ameipa nyumba mgongo kama inavyotakiwa, akipangusa tope kwenye pikipiki yangu kwa shati lake mwenyewe. Nikamimina chai kikombe kikubwa, nikatia sukari ya kutosha, nikampa Nasimiyu ampelekee. Kisha nikaanza kumpikia mwanangu ugali.